Rehema, usimtumie yule dalali hela kwanza

Shoga yangu Rehema,

Salama? Za Dodoma, za mtoto na kikohozi chake, za ofisi mpya? Huku wazima wote, mama anakusalimia sana anasema umemtupa, joto ni lilelile. Nimekupigia jana usiku na leo asubuhi simu inaita tu, nikasema sawa yuko vikaoni, ngoja niandike yote kwa pamoja asome akitulia. Ila naomba usome kabla hujatuma hata shilingi, maana meseji yako inasema Ijumaa unalipa advansi na mimi roho haijatulia kabisa.

Gari nimeenda kuiona. Nilitoka kazini mapema nikampitia Fundi Chande gereji, tukaenda naye mpaka hiyo yadi. Nzuri, sikatai. Nyeupe, BMW 528i ya 2012, lile umbo wanaloliita F10, viti vya ngozi ya kahawia, rimu hazina mikwaruzo, ukifunga mlango unausikia umefunga kweli. Nilipokaa kwenye usukani nikaelewa kwa nini hulali. Lakini tumefika injini imeshachemka. Tuliwaambia tunakuja saa kumi, kumbe walishaiwasha na kuizungusha, na Chande kitu cha kwanza kufanya akifika kwenye gari yoyote ni kuweka kiganja juu ya boneti. Injini ikishapata moto inaficha mengi, kelele nyingi za asubuhi huzisikii tena. Akachomeka mashine yake, haikuonyesha hitilafu hata moja, ila vile vipimo ambavyo gari hujipima yenyewe ikiwa inatembea vilikuwa havijakamilika karibu vyote, maana yake kuna mtu amefuta kumbukumbu siku hiyohiyo au jana yake. Kwanini ufute kama hakuna kitu? Alafu Chande akaomba kushusha sampu, lile bakuli la oili kule chini, kwa gharama yetu sisi wenyewe, aangalie kuna nini ndani. Mwenye yadi akakataa, akasema gari haiguswi mpaka advansi iingie. Hapo ndo mimi nikafunga pochi yangu.

Sasa nikueleze kwanini tunang'ang'ania sampu, maana dalali atakwambia Chande ana gubu. Ukiona imeandikwa 528i unadhani ni 2.8. Hizi za 2012 siyo, BMW waliacha ile silinda sita wakaweka injini inaitwa N20, silinda nne, cc 1997 na tabo, farasi 245. Inavuta vizuri mno, hapo hujadanganywa. Tatizo ni taimingi cheni, ule mnyororo unaopanga valvu zifunguke kwa wakati wake, inapita kwenye reli za plastiki, na hiyo plastiki kadiri miaka inavyoenda inakauka inapasuka, vipande vinadondoka kwenye sampu na kuziba pale pampu ya oili inaponyonyea. Oili ikikosekana injini inakufa. Cheni yenyewe ikiruka valvu zinagongana na pistoni, injini inakufa vilevile. Hii siyo hadithi ya vijiweni, kule Marekani wateja waliishtaki kampuni kwa pamoja kwa ajili ya hii cheni na shauri likaisha kwa makubaliano ya kulipana gharama. Gari zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2015 zilikuja na reli zilizoboreshwa. Hiyo yako ni ya 2012, na hakuna mtu anayeweza kukuonyesha karatasi kwamba cheni ilishabadilishwa. Inawezekana ni nzima kabisa! Lakini kuijua ni kushusha sampu tu na wamekataa, sasa wewe unalipa milioni 42 kwa kubahatisha?

Dashibodi inasoma kilomita 61,000. Mpira wa pedali ya breki umeisha upande mmoja na usukani umekuwa laini unang'aa. Sitaki kumsingizia mtu, ila nilimwomba mwenye yadi karatasi ya mnada wa Japani, ile inayoeleza hali ya gari ilipouzwa, hana, nikaomba ile karatasi ya kufutwa usajili kule ambayo inaandikwaga kilomita za ukaguzi wa mwisho, eti iko kwa bosi. Ingekuwa imetoka Uingereza ningekusaidia hapohapo, ule ukaguzi wao wa kila mwaka ukiwa na namba ya gari unausoma bure kwenye mtandao wa serikali yao, maili ilizotembea mwaka kwa mwaka. Ya Japani bila karatasi huna pa kushika.

Kwenye ushuru dalali hajakudanganya. Umeshalipwa, na ndiyo sababu bei inavutia. Unajua mimi kazi yangu ni kushinda na makaratasi ya magari bandarini, kwahiyo nilikaa na kikokotoo cha TRA nikakupigia. Ukiagiza leo ushuru wa forodha 25%, eksaizi 5% kama cc zimepita 1000 na hazizidi 2000, na 10% zikizidi 2000, VAT 18%, na gari ikishapita miaka 10 inaongezewa 30% ya uchakavu, kati ya 8 na 10 ni 15%, alafu kuna tozo nyingine ndogondogo. Na hizi hazijumlishwi tu, moja inapigwa juu ya nyingine. Ndo maana gari kubwa ya zamani ukiiagiza leo inakuja ghali kuliko ya namna hiyohiyo iliyoingia zamani ikapewa namba. Na ile uliyouliza, mpya kabisa ya zero kilomita, asilimia ni hizihizi ukitoa ile ya uchakavu, ila zinapigwa kwenye thamani ya gari mpya, kwa hela yako tusipoteze muda hata kuongelea.

Mwajuma kasema uchukue Benzi. Mwajuma anapenda nyota. E250 ni gari ya starehe, barabara ya Dodoma ungefika hujachoka, lakini zile za mwanzo za 2009 mpaka kabla hazijabadilishwa sura 2013 zina injini ya 1.8 ambayo nayo cheni yake inavutika, asubuhi ukiwasha inakwaruza sekunde kadhaa alafu inanyamaza, na umeshaona watu wa yadi wanavyowasha gari kabla hujafika. Za kuanzia 2013 injini ni nyingine, 2.0, hiyo ningeikubali ikiwa na historia yake. Audi tusianze, Chande mwenyewe haishiki.

Sasa sikia. Baba Nasra anauza Crown yake. Athlete ya 2014, nyeusi, V6 ya 2.5. Usikunje uso! Najua utasema Crown ni ya wazee na kila mtu mjini anayo, lakini hiyo iliingia kupitia ofisi yetu, karatasi ya mnada nimeishika kwa mkono wangu, gredi 4, mikwaruzo midogo, ile wanayoandika A1, mlangoni basi, hakuna palipoandikwa XX kwamba kitu kimebadilishwa, wala siyo R ya gari iliyogongwa. Kilomita za mnada na za dashibodi ukipiga hesabu kwa miaka aliyokaa nayo zinaendana. Servisi kafanyia kwa Chande muda wote na anaandika kwenye daftari, unamjua Baba Nasra. Sipati hata mia kwenye hii biashara, na nimemwambia asimpe mtu neno mpaka wewe ujibu.

Sitakuficha ubaya wake. Hiyo injini, 4GR, inanyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda tu, kwahiyo valvu za kuingizia hewa hazioshwi na mafuta, zinajaa masizi, baada ya muda inatetemeka ikiwa imesimama na ni lazima zisafishwe. Chande anasema ni kazi ya kufungua juu, siyo ya kuua injini, na ndo tofauti yangu kubwa na hiyo 528i: hii ikichoka inakwambia na unaendelea kufika nyumbani. Nguvu ni farasi 203, kwahiyo kwenye kupita maroli haitakurusha kama ile ya tabo. Kwenye kona nayo nakubali, BMW inashika barabara vizuri zaidi, usukani wake unaongea na mkono. Skrini ni ya Kijapani, redio inaishia stesheni za chini mpaka ufungiwe kifaa. Ila inasukuma tairi za nyuma, imetulia, kimya, na spea zake Kariakoo unakuta mpya na za mtumba, fundi wa kuifungua yupo Dodoma, yupo Singida, yupo hata Gairo.

Na hapo Gairo ndo panaponirudisha kwenye hiyo BMW, samahani, maana nikifumba macho naona Kaka Idd alivyolala pale na gari yake siku zile, pampu ya maji imekufa, fundi wa karibu hajawahi kuigusa, mwisho ikapandishwa juu ya lori kurudi Dar. Wewe unaenda kilomita mia nne na hamsini na mtoto nyuma. F10 pampu ya maji ni ya umeme, inakufa ghafla bila kuvuja, haina hata kijiti cha kupimia oili unasoma kwenye skrini tu, na zikitoka kiwandani zina matairi ya ranflati, yale yanayotembea kidogo hata yakiisha upepo, kwahiyo tairi ya spea hakuna. Kwa anayekaa Masaki gereji iko nyuma ya nyumba, haya siyo mambo. Kwako ni mambo makubwa.

Simaanishi usinunue BMW maisha yako yote. Umeanza kuitamani tangu chuo, nakumbuka, na hela ni yako umeitolea jasho, nataka uendeshe kitu unachokipenda siyo kitu nilichokichagua mimi. Kama moyo umekataa Crown basi tufanye hivi, tusubiri. Tutafute 520i au 528i ya mwaka 2015 kuja juu, au 535i ambayo ni silinda sita haina hilo tatizo la cheni la N20, ina kuvuja oili kwake kwenye gasketi lakini hiyo unaiona kwa macho. Na ukiinunua uwe umeweka pembeni milioni 6 au 7 usiyoigusa, ya mwaka wa kwanza, siyo kumaliza akaunti yote kwenye kununua alafu unaanza kukopa kwenye kikundi kwa ajili ya bushi na shokapu. Hiyo ndo imenifanya niandike barua ndefu namna hii, nilipiga hesabu nikaona ukilipa 42 na bima kubwa na kubadili umiliki unabaki huna kitu.

Kuna Lexus GS350 pia, nisipoitaja sitalala. Kizazi cha 2012 mpaka walipoacha kuitengeneza 2020. Injini ya 3.5 inanyunyiza petroli sehemu zote mbili kwahiyo masizi siyo shida, na ni injini ya ukoo wa Crown kubwa, spea zipo. Ile ndo ingekupa raha ya BMW na usingizi wa Toyota. Ila chache sana hapa mjini na wenye nazo hawauzi, kuiagiza mpya-mpya kidogo ushuru wake unauma, 10% ya cc na thamani iko juu. Naiweka macho, ikitokea nzuri utakuwa wa kwanza kujua.

Yule dalali kanipigia mara baada ya sisi kuondoka, anasema kuna mteja mwingine anakuja kesho na hela kamili. Mwache aje. Mwenye gari safi haogopi kushushiwa sampu.

Sasa nijibu haya. Umeshatuma chochote, hata cha kushikia nafasi? Kuna mkataba umesaini au mnaongea kwa simu tu? Chesisi namba alikupa, kama unayo nitumie leo niitafute kwenye makaratasi yetu iliingia lini. Hapo kwenye nyumba mpya pana geti na kivuli au inalala nje? Kazini wanakupa posho ya mafuta au ni mfuko wako, maana 2.5 mjini inakunywa. Utakuwa unakuja nayo Dar kila mwezi, au utaendelea na treni ya SGR na gari ibaki ya hapo hapo mjini? Kama ni hivyo ni kitu kingine kabisa, tutaongea tofauti. Mumeo anasemaje, anaijua bei? Na wikiendi hii unaweza kushuka tukaijaribu ya Baba Nasra wewe mwenyewe ukiwa kwenye usukani, asubuhi, injini ya baridi, Chande akiwa amekaa pembeni?

Ni mimi wako,
Zuhura