Barua kwa Mwanaidi: kabla wageni hawajafika Tanga

Magomeni, Bagamoyo

Mpenzi Mwanaidi,

Salamu nyingi kutoka huku. Sote wazima, na mama bado anayasifia yale machungwa ya Muheza uliyomletea.

Umeniambia awamu ijayo ya kubadilishana vijana inakuja kwenu Tanga na wewe umeombwa uwe mmoja wa wenyeji. Nimefurahi kweli. Uliniomba nikusimulie yetu ilivyokwenda. Sherehe ya ufunguzi, vyeti na picha za pamoja utaviona mwenyewe. Nataka nikueleze jambo moja ambalo naona ni zito kuliko yote.

Tulikuwa vijana wa hapa pamoja na wenzetu wa Ujerumani, Ufini na Uganda. Mada ilikuwa utamaduni na utambulisho wetu wa kidijitali, yaani mtandaoni tunaonekana kuwa nani, na ni nani aliyetuandika hivyo. Kila mtu aliandika jina la mji wao kwenye simu aone picha zipi zinatoka. Bagamoyo ilitoa minyororo, magofu ya Kaole, Boma la Wajerumani na kanisa la misheni iliyoanza mwaka 1868. Hiyo ni historia yetu na sitaki mtu aifiche. Lakini mafundi wanaounda majahazi ufukweni hawakuwamo, wala akina mama wa soko la samaki, wala wanafunzi wa TaSUBa, chuo chetu cha sanaa, ambao ngoma zao tunazisikia kila siku. Anayetujua kwa simu tu atadhani tulimalizika wote pamoja na biashara ya watumwa.

Basi tukakubaliana turekodi wenyewe, picha na sauti ziende Wikimedia Commons, ghala huria la mtandaoni, na makala ziende kwenye Wikipedia ya Kiswahili, ambayo ipo tangu 2003 na bado ina nafasi tele kwa mambo ya kwetu.

Kikundi changu kilikwenda Dunda kwa bibi mmoja mwenye hazina ya nyimbo. Alitukaribisha mkekani, akatuletea kahawa na kashata. Mgeni mmoja akawasha kamera hata kabla ya vikombe kuisha. Bibi akainua kiganja.

“Mwanangu, hiyo itakwenda wapi?”

Nikamweleza kwamba sauti na picha zikishapandishwa Commons zinakuwa na leseni huria. Mtu yeyote duniani anaweza kuzichukua, kuzichanganya na muziki wake, hata kuzifanyia biashara, mradi amtaje aliyerekodi.

“Amtaje aliyerekodi? Na aliyeimba?”

Nikamwambia jina lake tutaliandika sisi kwenye maelezo. Akauliza tena: “Na nikighairi?” Nikamjibu kweli: leseni ile ikishatolewa, hairudishwi.

Alikaa kimya kidogo, kisha akaanza kugawa nyimbo zake kama mwenye nyumba anayejua mgeni gani aishie barazani na nani aingie ndani. Za kubembeleza watoto, sawa, na jina lake liandikwe kamili. Za harusi, mpaka awaulize wenzake wa kikundi, kwa sababu si zake peke yake. Za unyago, hapana. Wavulana wa kikundi chetu waliombwa wakae nje hata pale alipozitaja tu. Baadaye aliniruhusu nimrekodi akiziimba hizo nikiwa peke yangu, na sauti ile ikawekwa kwenye memori kadi anayoitunza mjukuu wake wa kike. Haiko mtandaoni, wala haitakuwapo mpaka wenyewe waamue.

Jioni yake tulibishana sana. Kuna waliosema kisichowekwa mtandaoni kitapotea. Dada mmoja Mjerumani akatusimulia habari za Phonogramm-Archiv, hifadhi ya sauti ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1900. Humo mna silinda za nta, zilizotumika kurekodia zamani, zenye sauti kutoka kila pembe ya dunia, nazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1999. Za kwetu zimo pia: Karl Weule, mtafiti Mjerumani, alizunguka kusini mwa nchi yetu mwaka 1906 na fonografu yake akirekodi nyimbo. Nashukuru sauti hizo zipo. Lakini fikiria, Mwanaidi, 1906! Vita vya Maji Maji vilikuwa bado havijaisha. Mzungu aliyekuja chini ya bendera ya serikali ya kikoloni ya Wajerumani akikwambia imba, ungemkatalia vipi?

Ndiyo maana nilivutiwa na habari za Te Hiku Media, redio ya Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand. Mwaka 2018 waliwaomba watu wao wenyewe wasome sentensi kwa Kimaori, wakakusanya zaidi ya saa 300 za sauti kwa siku 10 tu. Kampuni za nje zilipozitaka, wakakataa, wakabaki nazo wao kama watunzaji. Wametengeneza teknolojia ya lugha yao, na sauti hazikutoka mikononi mwao. Hilo ndilo ninalolitaka kwetu.

Sasa kazi yako. Wageni watataka kukimbilia mapango ya Amboni na magofu ya Tongoni, na ni haki yao kuyaona. Wewe tangulia kwa wazee wa taarabu wa Ngamiani. Nenda simu ikiwa mkobani, ukae nao, uwaeleze kila kitu mapema, tena zaidi ya mara moja. Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili. Sisi tuliletewa ya Kiingereza, ikabidi tuitafsiri usiku kucha. Nitakutumia ile yetu kwa WhatsApp. Ina sehemu ya kuandika kipi kipandishwe, kipi kibaki nyumbani, na jina la mwimbaji liandikweje. Waandalizi wakisema inachelewesha ratiba, wakumbushe kwamba tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na sura ya mtu na sauti yake si vitu vya kuokota.

Nitakuja wiki moja kabla yao ili tuwatembelee wazee hao pamoja, kama hapo kwenu kuna pa kulala. Nijibu mapema nikate tiketi ya basi. Nisalimie bibi yako wa Pangani, umuulize kama yuko tayari kutupokea.

Wako akupendaye,
Saumu