Kati ya kujivuna na kujivunia

Mhariri,

Oktoba iliyopita nilihudhuria mahafali ya kidato cha nne katika shule moja hapa Nyamagana. Mjukuu wangu alikuwa miongoni mwa waliopewa zawadi, na alipokabidhiwa kipaza sauti akasema: “Ninajivuna kwa sababu nimekuwa wa kwanza fizikia miaka miwili mfululizo.” Watu wakaangua kicheko. Nyuma yangu mama mmoja akaguna, “Mh! Katoto kana maringo haka.” Mshereheshaji naye hakumwacha: “Haya jamani, mwenye fizikia yake huyo!” Mtoto akameza maneno yaliyobaki, akarudi kukaa.

Alikosa herufi moja tu. Alitaka kusema ninajivunia. Anayejivuna hujiona bora kuliko wenzake, na habari huishia kwake yeye mwenyewe. Anayejivunia lazima awe na kitu cha kutaja: kazi yake, watoto wake, alama zake. Ile i ndogo huondoa macho kwa mtu, ikayapeleka kwenye alichokifanya. Nimefundisha Kiswahili hadi nikastaafu, kwa hiyo kosa lenyewe halikunishtua. Kilichonikera ni kile kicheko, maana sina hakika kama kingepungua hata angelisema sawasawa.

Hebu tazama lugha yetu ilivyojaa maneno ya kumrudisha mtu chini. Anaringa, anajidai, anajitapa, anajikweza, anajishaua, ananata, ana nyodo, ana kiburi. Mtaani wanasema anajisikia au anajiona, nao vijana wameongeza kujimwambafai. Methali nazo zipo tayari: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Yaani hata kusifiwa na wengine ni hatari, sembuse kujisifu! Upande wa pili tuna kujivunia na kuona fahari, basi tumekaribia kumaliza. (Na hiyo fahari kwetu Usukumani ina mkosi wake, maana ndimi zetu hupenda L kuliko R. Babu yangu akisema “naona fahali”, sisi watoto tuligeuka kutafuta dume la ng’ombe.)

Matokeo yake tumejifunza kuficha. Msifie fundi wa mitumbwi ufukweni kwa mtumbwi usiovuja hata tone, atakujibu, “Aah, nimebahatisha tu.” Hajabahatisha. Ameunda mitumbwi tangu ujana wake. Kati yetu tunaelewana, tunajua kwamba “nimebahatisha” maana yake ni asante. Lakini kijana anayekwenda kuhojiwa kazini na jibu hilo hilo, akiulizwa amewahi kufanya nini vizuri, husema “najitahidi”, akanyamaza. Aliye mbele ya meza huandika kwamba hana la kusema.

Wapo watakaonijibu kwamba huo ndio utamaduni, Mwafrika hajisifu. Hao nawaomba wafike Bujora, pale Kisesa, wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, mwezi Juni. Wagika na Wagalu, makundi mawili hasimu ya ngoma, wakikutana uwanjani, kila manju, yaani kiongozi wa nyimbo, hujitaja kwa jina, huitaja ngoma yake, na huwakejeli wapinzani mbele ya umati mzima, na hakuna anayesema huyu hana adabu. Ng’ambo ya ziwa, kwa Wahaya, shujaa alisimama mbele ya mkama, yaani mfalme, akiwa na mkuki mkononi, akaghani matendo yake mwenyewe. Vitabu vya fasihi simulizi huuita utanzu huo kivugo, au majigambo, na nimewatahini nao wanafunzi kwa miaka mingi. Wazee wetu hawakukataza mtu kujitaja. Walimpa uwanja na wakati wake, na kila alilodai palikuwa na watu wa kumwambia wewe, hapo umeongopa.

Hata gazeti lako, Mhariri, linao uwanja huo, ila umewekwa kurasa za nyuma. Huko kila wiki kocha “atamba” na mshambuliaji “atamba”. Pamba Jiji, timu yetu ya soka, iliporudi Ligi Kuu mwaka 2024, mji huu ulitamba wiki nzima, nami nikiwemo, wala hakuna aliyetuambia tuna nyodo. Mwenye mpira anaruhusiwa. Mwenye fizikia anachekwa.

Ombi langu ni dogo. Matokeo ya mitihani yakitoka, waandishi wako huenda nyumbani kwa waliofaulu na kuuliza siri ya mafanikio. Jibu tunalijua kabla halijachapwa: namshukuru Mungu, wazazi na walimu wangu. Shukrani hizo ziandikwe zote, sizipingi. Ila mwandishi asifunge daftari hapo. Amuulize mtoto swali moja zaidi, “Na wewe ulifanya nini?”, kisha asubiri jibu hata likichelewa.

Mwalimu mstaafu,
Igoma, Mwanza