Mbona ndizi yangu haifanani na ya dada yangu?

Jamani naomba niliongelee hili mara moja liishe, maana kila wiki napata meseji ya aina moja, "dada nataka ile ndizi ya uzi ya kuwekea sindano, kama ya mwenzangu ilee, ileile kabisa", alafu nikimwambia mtu haitakuwa ileile ananuna, anaona kama namletea maringo. Sio maringo. Ni nyuzi.

Kwa mgeni, mimi nafuma, niko Moshi, Majengo, na kazi inayolipa kodi ya nyumba ni sweta za watoto, kofia za vichanga na vitambaa vya makochi. Sweta ya mtoto ikiisha kunabaki kadonge ka uzi saizi ya yai, hakatoshi kofia wala soksi, na kukatupa roho inauma. Basi vile vidonge ndo natengenezea vibebeo vya vifaa vyetu vya ufundi kwa umbo la chakula. Kuna ndizi inayomenyeka maganda matatu, ndani unaweka sindano zako za kufumia. Sambusa ya mkasi mdogo. Kitumbua cha kuchomekea pini. Chapati unayoikunjua ina mifuko ndani unaikunja tena unafunga na kifungo, na parachichi ambalo kokwa linatoka, chini yake unaficha vifungo vya akiba. Ilianza kama utani tu, sindano yangu ya milimita 3 ilipotelea kwenye kochi, nikaitafuta siku nzima, aliyeiona ni mgeni, na aliiona kwa kuikalia.

Sasa turudi kwenye rangi. Ukinunua donge la uzi, ile karatasi iliyolizunguka huwa ina namba ya rangi na namba nyingine ya mkupuo, yani siku ile kiwandani waliloweka nyuzi zipi kwenye pipa moja la rangi. Namba ya rangi inaweza kuwa ileile lakini mkupuo ukiwa tofauti njano inatofautiana kidogo, dukani chini ya taa huoni, ukizifuma pamoja ukatoka nazo juani mstari huo hapo. Sasa mimi mabaki yangu mengi karatasi zilishapotea zamani, na mengine nimefumua kwenye sweta za mitumba za pale soko la Memorial, hayo ata kiwanda chake sikijui. Kwa hiyo ndizi ya dada yako ilikula njano yote ya ile sweta ya mtoto wa shule ya chekechea, na yule mtoto sasa hivi keshahamia kwenye sweta ya kijani.

Tukiwa kwenye ndizi hapohapo, kuna mama mmoja wa kutokea juu Kibosho alinishikia ile ndizi akaigeuza akasema mwanangu hii umeiita mshare lakini mshare gani ya njano, mshare inapikwa mbichi, hii ni kisukari tena imekonda. Nilicheka lakini alikuwa na haki yake. Tangu siku hiyo natengeneza zote mbili, mshare ya kijani ndefu kwa sindano nyembamba, na kisukari fupi nene kwa zile sindano za plastiki za milimita 8 na kuendelea.

Swali la pili huwa "mabaki, mbona elfu kumi na mbili?" Haya, chukua kitumbua. Naanza na vitanzi 6 kwenye pete moja, mzunguko unaofuata 12, alafu 18, 24, 30, kila mzunguko naongeza 6, ukikosea hesabu mara moja tu duara linajikunja kama chips za ndizi na unafumua. Uzi ambao kwenye sweta ningeufuma kwa sindano ya milimita 4 hapa nautumia kwa 2.5, nabana mpaka vidole vinauma, sababu ukilegeza, ncha za pini zinatokea upande wa pili na kilichojazwa ndani kinachungulia. Kila nikibadilisha rangi nabaki na mikia miwili ya kuficha kwa sindano ya kushonea, na mabaki maana yake ni kubadilisha rangi kila saa. Sambusa nayo ndani naiwekea kipande cha jinzi, mkasi unatoboa ufumaji wa uzi mtupu ndani ya wiki, hilo nimejifunza kwa mkoba wangu mwenyewe. Uzi ni wa bure kweli, jioni yangu sio ya bure.

Na hapa niombe radhi kwa wale watatu walionunua vitumbua vya kwanza kabisa. Nilijaza mchele. Nilijiona mjanja, ni mzito, kitumbua kinatulia mezani hakikimbii, kumbe nimewafungulia fukusi hoteli, mmoja akanipigia usiku ananiambia dada kitumbua chako kinatembea. Wote nimeshawabadilishia. Siku hizi naweka vipande vidogovidogo vya nyuzi, ile mikia ninayokata, na katikati mfuko mdogo wa kitambaa wenye mashapo ya kahawa yaliyokauka kabisaa juani, sio yaliyokauka kwa macho, maana yakibaki na unyevu yanaota ukungu. Kinapata uzito na kinanukia kahawa ya nyumbani. Ila tafadhali msikiloweke, na kipindi cha masika usiache pini zimechomekwa karibu na dirisha, kutu itakuja tu ata ningejaza nini.

Kuna wanaoniulizia ile nyanya nyekundu ya kuchomekea pini yenye kitu kama stroberi kinaning'inia, wameiona mtandaoni. Hiyo ni ya zamani sana huko Ulaya na Marekani, na kale kadogo sio pambo, ndani kana unga mkali kama wa msasa, unachoma sindano mara kadhaa inang'aa na kunoleka. Yangu natengeneza nyanya na pilipili mbuzi, ila pilipili yangu ni urembo tu, msije mkaninolea sindano humo alafu mkarudi kulalamika.

Kufua ni maji ya vuguvugu, mkono, bila kukamua kwa hasira, na pasi isiguse kabisa, mabaki yangu mengi ni akriliki, uzi wa jamii ya plastiki, na akriliki kwa pasi ya moto inayeyuka inakuwa ngumu kama plastiki. Kitumbua ndo hakifuliwi, unakifuta tu.

Ukitaka oda ifanane kwa uhakika na kitu fulani kuna njia moja, niletee mabaki yako mwenyewe. Kuna dada kaniletea uzi uliobaki kwenye shali ya bibi yake, kahawia iliyopauka, nikamtolea chapati mbili na kipande kikabaki nikamrudishia. Kwa ndizi uzi usipungue gramu 40 hivi, nina mzani wa jikoni hapa tutapima wote. Pamba na akriliki usinichanganyie kwenye oda moja, ukifua pamba inaweza kusinyaa mwenzie kabaki palepale, chapati inapinda.

Njano iliyopo leo inatosha kisukari mbili, na moja imeshaagizwa tangu asubuhi.