Mkurugenzi wako hana dola

Swahiba Hamisi,

Salamu nyingi, huku kwema. Mzee Maganga anauliza baiskeli yake, hayo mtamalizana wenyewe. Kurasa za mchezo wako wa redio zimefika nami najibu mbio kabla hujazipeleka studio, maana huyo mkurugenzi wa tumbaku wa Sofia, mji mkuu wa Bulgaria, umemkosea.

Umemweka ofisini anahesabu dola. Dola gani, Hamisi? Bulgartabac, iliyoshika tumbaku yote ya Bulgaria tangu 1947, lilikuwa shirika la dola lisilo na dola. Sigara nyingi zilikwenda Umoja wa Kisovieti, na malipo yake yalikuwa rubli za daftarini: Moscow inadaiwa, Sofia inafidiwa kwa mafuta na mitambo. Rubli hizo huendi nazo Hamburg kununua mashine ya kusokota sigara. Dola zilipatikana kwa kuuza majani Magharibi, kwa sababu sigara ya Kimarekani huchanganywa na jani la Mashariki kidogo ili inukie. Ile leseni ya kutengeneza Marlboro Bulgaria, katikati ya miaka ya 1970, iweke. Inafaa sana hapo.

Kwa hiyo mteja hakumsumbua. Wasovieti walichukua kila kilichofungwa. Kilichomnyima usingizi ni jani.

Na jani lenyewe si hili la Urambo la kukaushwa banini kwa kuni. Basma, ndilo hilo jani la Mashariki, ni jani dogo, mengi yake hayazidi kiganja. Huchumwa kuanzia chini ya mche, majani machache kila zamu, zamu tano au sita, alfajiri kabla jua halijalilegeza na utomvu kunata vidoleni. Kisha familia nzima inakaa chini kutunga, jani moja moja, kwa sindano ndefu bapa na uzi. Nyuzi zinaanikwa juani kwenye fremu za mbao, mvua ikinyesha zinafunikwa. Ukifunga robota kabla jani halijakauka vizuri, kuvu inaota katikati na kwa nje huoni kitu.

Sasa sikia mtego wenyewe, hapa ndipo mchezo wako ulipo. Mpango wa serikali unahesabu tani. Harufu ya basma inatoka kwenye ardhi duni ya milimani, bila mbolea nyingi. Ukimwaga mbolea na maji, jani linapanuka, tani zinatimia, Chama cha Kikomunisti kinapiga makofi, na harufu imekwenda. Mnunuzi wa Magharibi ananusa sampuli, anashusha daraja. Mkurugenzi akitii tani anapoteza dola. Akitetea harufu anaulizwa kwa nini hajatimiza mpango. Kila simu inayolia mezani pake ni moja ya hizo mbili.

Halafu mikono. Huko kwenye milima ya Rodopi waliotunga nyuzi hizo wengi wao walikuwa Waturuki wa Bulgaria na Waislamu wengine. Majira ya baridi ya 1984 kuingia 1985 serikali ikawabadilisha Waturuki hao majina kwa nguvu, Ahmed anaamka anaitwa Asen. Kiangazi cha 1989 zaidi ya watu 300,000 wakavuka mpaka kwenda Uturuki, na ni msimu wa kuchuma! Jani la tumbaku halingoji. Likipitiliza linakauka kwenye mche. Watu wa mjini walipelekwa kusaidia, lakini mtu asiyewahi kushika sindano hiyo anatoboa vidole kuliko majani. Tarehe 10 Novemba Zhivkov mwenyewe, kiongozi wa Bulgaria, akaondolewa madarakani. Nakuomba, mfute huyo anayehesabu noti, weka aliyeshika sampuli mbili puani.

Mchezo unaanza 1975 au 1989? Mkurugenzi anavuta nini, BT, sigara ya Kibulgaria, au Marlboro ya leseni? Nani anasoma sauti yake, si yule Shabani wa kukohoa kila mstari? Sauti ya uzi kupita kwenye jani mtaipataje? Na baiskeli je?

Wako,
Juma