Sauti ya Kasarani tuliizima wenyewe getini

Kwa Mhariri,

Ijumaa ya Agosti 22, 2025, nilitoka uwanjani Kasarani nikatembea kwa miguu mpaka Mwiki. Matatu zilikuwepo, ila sikuwa na moyo wa kukaa na watu. Barabara ilijaa jezi nyekundu na nyeusi na hakuna aliyekuwa akiimba. Kijana mmoja mbele yangu alikuwa ameikunja bendera akaibana kwapani kama mtu abebaye mwavuli jua limeshatoka. Wiki tatu tulikuwa tumepita barabara hiyo hiyo tukiruka na kukumbatiana na watu tusiowajua.

Ilikuwa robo fainali ya CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, na Madagascar waliitoa timu yetu ya taifa, Harambee Stars, kwa matuta 4-3, baada ya dakika 120 kumalizika 1-1. Alphonce Omija alitufungia dakika ya 48, tukadhani nusu fainali imeshakuwa yetu. Dakika ya 69 Fenohasina Razafimaro akasawazisha kwa penalti. Kilichofuata sihitaji kukisimulia, kila Mkenya anakijua na wengi bado hawajapata usingizi mzuri.

Tangu siku hiyo nimesikia lawama za kila aina. Wapo wanaosema kocha Benni McCarthy alichelewa kubadilisha wachezaji, wapo wanaomlaani mwamuzi, na wapo, nao ndio wanaoniuma zaidi, wanaowatukana vijana waliokosa matuta. Mtu akitaka kujadili mbinu za kocha, ana haki yake. Mimi nina neno lingine, na nimeliandikia gazeti kwa sababu kwenye vijiwe nilipojaribu kulisema niliambiwa ninyamaze. Mhariri, sisi mashabiki tuliingia robo fainali hiyo tukiwa tumeshawapunguzia vijana wetu nguvu. Tulifanya hivyo langoni, wala si katika lango la kipa. Nasema malango ya uwanja, yale ya kuingilia watu.

Nianzie mwanzo. Hii ilikuwa mara ya kwanza kabisa kwa Harambee Stars kucheza CHAN, na tulipangwa katika kundi ambalo hata jirani zetu walituonea huruma: Morocco, DR Congo, Angola na Zambia. Morocco na Congo kila mmoja alikuwa ameshalinyakua kombe hili mara mbili. Agosti 3 tulifungua dhidi ya Congo, na Austin Odhiambo alipopachika bao lile kipindi cha kwanza kikiyoyoma, nilimkumbatia mzee mmoja aliyekaa mbele yangu mpaka kofia yake ikaanguka. Akaniambia, "Kijana, mimi nimengoja sana siku kama hii." Mimi nina miaka 37 na hakuna aitaye watu wa rika langu kijana, lakini siku hiyo nilikubali.

Kisha ikaja sare ya 1-1 na Angola tukiwa pungufu, na baada yake mechi ya Morocco, Jumapili ya Agosti 10. Hiyo ndiyo mechi ninayotaka tuikumbuke vizuri, kwa mema yake na kwa aibu yake.

Mema yake yanajulikana. Ryan Ogam alifunga dakika ya 42, na muda mfupi kabla ya mapumziko Chrispine Erambo akatolewa kwa kadi nyekundu. Kipindi kizima cha pili tukacheza watu kumi dhidi ya kumi na mmoja wa Morocco. Aliyekuwa ndani anajua kilichotokea. Kila mara Wamorocco walipougusa mpira, uwanja ulizomea hadi saruji uliyokalia ikatetemeka. Kila beki wetu alipoupiga mpira kwenda nje, tulishangilia kana kwamba ni bao. Nilimwona beki mmoja amejiinamia, mikono magotini, hana pumzi, kisha upande wetu ukapaza sauti na akainuka. Sijui nieleze vipi kwa mtu ambaye hakuwepo. Uwanja ule ulicheza. Ulimkaba mtu.

Aibu yake ni kwamba wengi wa waliokuwa wakipiga kelele hizo hawakuwa na tiketi. Nilifika mapema nikiwa na tiketi yangu kwenye simu, nikapanga foleni kama wengine. Saa moja hivi kabla ya mechi kuanza, wimbi la watu likatoka nyuma. Kwanza nilisikia filimbi, halafu nikajikuta nimebanwa, miguu haigusi chini sawasawa. Mbele yangu kulikuwa na mama mwenye mtoto wa kike wa miaka sita hivi, amechorwa bendera mashavuni. Tulimwinua yule mtoto juu ya vichwa tukampitisha mpaka pembeni kwenye ukuta. Kiatu chake kimoja kilibaki chini ya miguu ya watu. Geti lilipoachia tuliingia wote, wenye tiketi na wasio nazo, na hakuna aliyeniuliza kitu. Nilipopata pa kukaa, nilimtafuta mama yule kwa macho na sikumwona. Nadhani alirudi nyumbani.

Jioni ile mpwa wangu wa miaka 19, anayeishi nami, alirudi na suruali imechanika gotini. Yeye na wenzake walikuwa wameruka ua. Alinisimulia kwa majigambo, na mimi, Mhariri, nikacheka naye. Tulikuwa tumeifunga Morocco na nikaona hayo mengine ni madogo. Leo ninajutia kicheko hicho kuliko jambo lolote katika mashindano haya.

CAF, shirikisho la soka la Afrika, hawakucheka. Waliamua mechi ya Zambia ichezwe mbele ya watu wasiozidi 27,000, yaani asilimia 60 ya uwanja, tena kwa tiketi za kielektroniki pekee, na wakaonya kwamba tukirudia, mechi zetu zinaweza kuhamishwa. Hebu fikiria hilo: mwenyeji kuhamishwa nyumbani kwake. Zambia tuliwafunga 1-0, Ogam tena, na ushindi ukatufunika macho. Tukasahau kwamba masharti bado yapo. Tukafika robo fainali, mechi kubwa kuliko zote ambazo timu hii ya nyumbani imewahi kucheza, huku sehemu kubwa ya viti vyetu imefungwa.

Nilikuwa ndani siku hiyo kwa sababu nilibahatika kupata tiketi mapema. Mpwa wangu alikosa, na safari hii ua haukurukika. Nawaambia ukweli: haukuwa uwanja ule wa Agosti 10. Waliokuwepo waliimba mpaka sauti zikakauka, siwalaumu. Lakini Razafimaro alipofunga penalti ile, kimya kilichoanguka kilikuwa na mapengo ndani yake. Ulikuwa ukiona safu nzima za viti bila mtu. Katika dakika thelathini za nyongeza, vijana walipokuwa wameishiwa pumzi kama walivyoishiwa dhidi ya Morocco, lile wimbi la sauti la kuwainua halikuja. Tulijaribu kulianzisha upande wetu mara mbili, likafika kwenye viti vitupu likafa.

Najua nitakaloambiwa: kelele hazipigi penalti. Ni kweli. Madagascar ni timu ngumu, walitulia, na pengine wangetushinda hata uwanja ungefurika. Sidai kwamba geti ndilo lililotutoa. Lakini kama kweli tunaamini shabiki ni mchezaji wa kumi na mbili, kama tunavyojisifu kila tukishinda, basi tukishindwa tusijiondoe kikosini. Sisi ndio mchezaji aliyepewa adhabu kwa utovu wa nidhamu na kuikosa mechi kubwa.

Usiku ule nilipofika nyumbani nilimkuta mpwa wangu ameshika simu, macho mekundu. Alikuwa anamwandikia mmoja wa wachezaji waliokosa. Sitayarudia hapa maneno aliyokuwa ameandika. Nilimwambia afute. Akabisha, akasema, "Mjomba, ameiangusha nchi nzima." Nikamuuliza yeye alikuwa wapi siku ya Morocco saa nane mchana. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akafuta. Mchezaji yule alitembea peke yake kutoka katikati ya uwanja hadi kwenye ile nukta nyeupe, mbele ya nchi nzima, akiwa amekimbia saa mbili. Walioruka ua walijificha ndani ya umati. Sioni kwa nini wa kwanza atukanwe na wa pili asimulie kwa majigambo.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niandike, nayo ni kubwa kuliko mpira. Oktoba 23, 2010, watu saba walikufa katika mkanyagano uwanjani Nyayo siku ya Gor Mahia na AFC Leopards. Saba, waliotoka nyumbani kwenda kutazama mpira. Tulilia, tukaahidi, tukasahau. Nilipokuwa nimebanwa pale getini nikiwa nimemshikilia mtoto wa watu, hesabu hiyo ndiyo iliyonijia kichwani. Tulichopata Agosti 10 ni bahati, na bahati hiyo tusiitegemee mara ya pili.

Na mara ya pili inakuja. Mwaka 2027 sisi, Uganda na Tanzania tutaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Uwanja mpya wa Talanta, wa watu 60,000, unajengwa kule upande wa Ngong Road. Hii ndiyo nchi iliyonyang'anywa uenyeji wa CHAN ya 2018 kwa sababu ya maandalizi duni, mashindano yakapelekwa Morocco. Safari ile tulikuwa na haki ya kuwalaumu viongozi. Safari hii, viongozi wakitandaza kila kitu kikawa tayari na bado sisi tukavunja mageti, tutamlaumu nani?

Naomba wenye mamlaka wasiachie kazi yote mlangoni. Tiketi ikaguliwe mbali na uwanja, kuanzia kule Thika Road na upande wa Mwiki, ili asiye nayo arudi kabla hajafika kwenye msongamano. Skrini kubwa ziwekwe mitaani na zitangazwe siku kadhaa kabla, maana vijana wengi waliosukuma geti hawakuwa wahalifu, walikuwa na hamu na hawakuwa na pa kwenda nayo. Vyama vya mashabiki, ambavyo vinajua kupanga nyimbo na ngoma vizuri sana, vipange pia watu wa kusimama kwenye foleni. Mimi nitajitolea. Nipewe kizibao chenye rangi ya kung'aa nisimame pale pale nilipobanwa.

Ijumaa ile ile Tanzania nao walitolewa na Morocco, 1-0, Dar es Salaam. Jumamosi Uganda wakafungwa na Senegal, 1-0 vilevile, huko Namboole. Wenyeji watatu tumeondoka ndani ya siku mbili, wageni wamebaki na kombe. Kesho Jumanne Madagascar watacheza na Sudan, na Senegal na Morocco, na fainali itakuwa Kasarani Jumamosi hii, Agosti 30.

Nimenunua tiketi mbili. Mpwa wangu ameniuliza, "Mjomba, Kenya hatuchezi, tunaenda kufanya nini?" Nimemwambia tutaondoka nyumbani mapema, tutapanga foleni, ataonyesha tiketi yake mwenyewe getini, kisha tutakaa na kuwashangilia waliofika. Kama Madagascar watakuwepo, nao tutawapigia makofi. Amesema atakuja.

Wako,
Shabiki wa Harambee Stars,
Mwiki, Nairobi
Agosti 25, 2025