Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mashine za kamera zinakuja, vifaa vya kutoa mawe makubwa ya nyongo je?

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Mimi ni nesi wa chumba cha endoskopi (kuchungulia ndani ya mwili kwa kamera) hapa Tanzania, jina na hospitali naomba niviache maana kazi bado naipenda. Nataka kuongelea mawe ya nyongo, sio yale yaliyotulia kwenye mfuko, nasemea yaliyoshuka yakaziba mrija wa nyongo, mtu macho manjano, mkojo rangi ya koka, homa na kutetemeka juu. Na wagonjwa wetu wa sikoseli yanawapata wakiwa bado wadogo kabisa.

Jiwe dogo halina maneno. Daktari anapitisha kamera mdomoni mpaka kwenye utumbo, anachana kidogo mlango wa mrija, kitu kinachofanyika duniani tangu 1974, anavuta jiwe kwa puto au kikapu cha waya, basi, tumbo halijaguswa. Ila kwenye kila wagonjwa kumi yupo kama mmoja hivi ambaye jiwe linagoma, limezidi milimita 15 au limekaa juu ya sehemu iliyobana, hapo ndo tunaanza kuangaliana.

Maana njia zipo! Kuna puto kubwa la milimita 12 mpaka 20 la kutanua mlango (lisizidi upana wa mrija wenyewe, ukilazimisha unapasua), likishindikana kuna kikapu cha kuponda jiwe humohumo ndani, na ikigoma kabisa kuna kamera nyembamba inayoingia mpaka kwenye mrija jiwe linapigwa laiza. Hiyo ya laiza ni ghali, siombi kila mkoa, ibaki hospitali chache kubwa na rufaa ziende huko. Lakini puto kubwa na kikapu cha kuponda kikose kwenye kitengo kinachotoa mawe, kweli? Kikapu cha kawaida kikikumbatia jiwe kubwa kinaweza kunasa, hakitoki wala hakiachii, na kuna mpini wa dharura wa kuponda uliotengenezwa kwa ajili ya balaa hilohilo, usipokuwepo kabatini mgonjwa anaenda kupasuliwa.

Tukikwama tunaweka stenti ya plastiki, kijibomba kinachobaki ndani ya mrija, nyongo ipite. Inaokoa maisha, sikatai, ila ni ya muda, ikifika kama miezi 3 itolewe au ibadilishwe. Sasa mtu manjano yakiisha anajiona kapona, anarudi shambani, stenti inaziba, analetwa na maambukizi kwenye mrija hali mbaya kuliko mwanzo, na wa kumkumbusha alikuwa nani? Daftari langu na simu yangu, vocha najinunulia.

Kwa hiyo Mheshimiwa, MSD (Bohari ya Dawa) waviweke hivi vifaa kwenye oda zao, na kitita cha bima kihesabu puto, kikapu na stenti, sio gharama ya kipimo tu halafu ndugu wanaanza kuchangishana kwenye magrupu ya WhatsApp. Na orodha ya wenye stenti iwe ya nchi nzima, yenye namba za simu na tarehe ya kurudi.