Mashine za kukimbilia: soma bati la nyuma, achana na boksi

Ndugu Mhariri,

Mwandishi wenu wa ukurasa wa afya alitushauri juzi tusipoteze hela kwa mashine ndogo za kukimbilia, hizi za laki tano, laki sita, zinazokunjwa na kusukumwa chini ya kitanda. Alisema zote ni takataka. Naomba nafasi nimjibu, kwa sababu mimi ni fundi mota hapa Magomeni na zikifa zinaletwa kwangu. Zamani nilikuwa nasuka mota za pampu na feni. Siku hizi kibanda kimejaa mashine za mazoezi, mteja mwenye pasi hana hata pa kusimama.

Sikubaliani naye. Nyingi ya ninazozifungua hazikuwa mbovu. Zilipewa kazi isiyo yake. Kwenye boksi amechorwa kijana anakimbia, jasho linamtiririka, na pembeni pameandikwa 3.5 HP, yaani nguvu za farasi za mota, kwa wino mwekundu. Mzee wa kilo 105 ananunua, naye anakimbia. Baada ya muda bodi ya umeme inayoendesha mota inatoa moshi, kisha lawama zote zinamwangukia Mchina.

Hapo kwenye HP ndipo watu wanapopigwa. Karibuni nilifungua moja ya aina hiyo. Nikatoa skrubu za kifuniko cha mbele, nikafuta vumbi na nywele zilizojisokota kwenye rola, nikaona kibati cha mota yenyewe: 0.75 HP. Stika iliyoko juu ya kifuniko hichohicho inasema 3.5! Ukimuuliza muuzaji atakwambia ile ni nguvu ya kilele. Sawa, lakini kilele mota hukigusa kwa kitambo kidogo tu, na wewe unataka kutembea nusu saa. Hesabu yake wala haitaki fundi. HP moja ni wati 746, kwa hiyo HP 3.5 ni zaidi ya wati 2,600, na kwa umeme wetu wa volti 230 hizo ni zaidi ya ampea 11. Sasa fungua plagi. Ukikuta fyuzi ya ampea 5, ujue waliotengeneza mashine hawakutarajia itumie zaidi ya wati 1,150 au hapo karibu. Kisha igeuze, usome wati zilizoandikwa kwenye bati la nyuma. Hizo ndizo za kuamini kuliko maneno ya boksi.

Na ukiwa dukani usikubali kuonyeshwa mashine ikikimbia. Wauzaji wana mchezo wao: wanampandisha kijana mwembamba, wanaweka kasi ya 8 au 10, mkanda unavuma vizuri, mteja anatoa pesa. Panda mwenyewe, na viatu vyako, uweke kilomita 2 kwa saa. Mota hizi zinateseka zaidi zikienda polepole, kwa sababu kila unyayo ukitua unaubana mkanda kwenye ubao na mota haina mzunguko wa kutosha kuuvusha. Kanyaga kwa nguvu kidogo. Mkanda ukisita chini ya mguu halafu ukaruka, ama umelegea ama mota ni dhaifu kwa uzito wako. Kama umelegea, kijana wa duka ataukaza kwa alenki (ule ufunguo wa pembe sita) mbele yako. Akishindwa, ondoka.

Chukua na futi. Pima sehemu ya kukanyaga peke yake, maana wengine wanakutajia urefu wa fremu nzima. Mkanda wa sentimita 40 kwa 100 unamtosha mtu anayetembea. Mtu mrefu akitaka kukimbia juu yake, kisigino kitatoka nje ya mkanda. Uzito wa mwisho ulioandikwa nao usiufikie. Ukiona kilo 100, mimi humwambia mteja asizidi 80 au 85. Zile bapa kabisa zisizo na pa kushikilia ni za watu wenye magoti mazima. Mama mkwe wangu aliletewa moja na wanawe, nikamkataza asiipande mpaka nilipomchomelea bomba la kushika pande zote mbili.

Matunzo nayapitia haraka. Chini ya mkanda hupakwa mafuta ya silikoni, matone machache. Nimeshaletewa mikanda iliyopakwa oili ya gari, na mmoja ulikuwa unanuka mafuta ya kupikia kabisa. Mafuta hayo yanauharibu mkanda na kushika vumbi, na mota inavuta kwa taabu mpaka bodi inaungua. Usichomeke kwenye ekstensheni nyembamba. Ukiletewa iliyotumika kutoka Marekani, soma volti kwanza, kwani za kule nyingi ni za 120 na ukiichomeka tu hapa, imekwenda.

Kuhusu LUKU, watu wanaogopa bure. Mashine inayokula wati 500, ukitembea nusu saa, ni robo ya uniti.

Jambo ambalo mwandishi wenu hakuligusa kabisa ni watoto. Mwaka 2021 kule Marekani kampuni ya mashine za mazoezi ya Peloton iliwaomba wateja warudishe mashine zake za kukimbilia za Tread+ zipatazo 125,000 baada ya mtoto mmoja kufariki na wengine kuumia kwa kuvutwa chini ya mashine kwa nyuma. Mashine hizo zilikuwa za dola elfu nne na ushee, kwa hiyo bei kubwa peke yake haimlindi mtoto. Ukimaliza, chomoa plagi na ule ufunguo wa usalama wenye kamba, ambao ukitolewa mkanda hauendi, kisha ufunguo uuweke juu ya kabati. Mashine isiyo na ufunguo huo mimi siipeleki kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa.

Kwa hiyo Mhariri, kwa mtu aliyeambiwa na daktari atembee, na barabara ya kwao haina pa kupita mguu baada ya magharibi, mashine ndogo inafaa. Aihukumu kama ya kutembelea tu. Nanyi, kwa kuwa mnapokea matangazo ya maduka haya, waambieni waandike vitu vitatu: wati za bati la nyuma, vipimo vya mkanda, na kama kuna ufunguo wa usalama. Picha ya yule kijana anayekimbia wanaweza kuiacha.

Fundi Mota,
Magomeni, Dar es Salaam